Maandishi Ambayo Seva Haikuyasoma

Rula ilikuwa imefika mstari wa mia mbili na kumi na nne. Inspekta aliisukuma chini kwa kidole, akasoma mstari uliofuata, akaweka alama ya penseli pembeni, akaisukuma tena. Kurasa kumi na tisa za maandishi ya programu zilikuwa zimepangwa mezani kwa mfuatano, katika chumba cha seva cha hospitali, mbele ya kabati la chuma lililovuma kama mzinga wa nyuki. Kikosini walimwita Taratibu, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka kumsubiri. Mambo ya kompyuta alijifunza mwenyewe akiwa ameshavuka miaka arobaini, kwa vitabu vya mitumba na kompyuta iliyomfia mara tatu akaifufua mara tatu. Mtu aliyejifunza hivyo haruki mstari.

Mistari sita ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Aliyeizungushia alikuwa ameegemea mlango akitazama saa yake: mtaalamu wa kampuni iliyoijengea hospitali mfumo wake, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Kwa maelezo yake, kazi ilikuwa imekwisha tangu asubuhi. Mistari ile sita iliuamuru ukurasa wa orodha ya upasuaji uwatangulize wagonjwa waliowekewa alama ya "pendekezo" na kuwashusha wengine wote. Iliandikwa kwa akaunti ya karani wa mapokezi. Karani huyo alikuwa amesimamishwa kazi, na kesho saa tatu asubuhi kamati ya nidhamu ingekaa kumfukuza, kisha jalada lake lipelekwe kwa mwendesha mashtaka.

Maana mtu alikuwa amekufa. Seremala wa miaka hamsini na nne, mwenye valvu ya moyo iliyochoka, alikuwa wa tano katika orodha tarehe mosi. Tarehe tatu alikuwa wa arobaini na nane. Tarehe kumi na nane alikata roho kwenye benchi la mapokezi, karatasi ya miadi mkononi. Dada yake ndiye aliyekuja kituoni. Hakulia. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta akasema jambo moja tu: "Kaka yangu hakupitwa, afande. Alirudishwa nyuma. Nataka kumjua aliyemshika mkono akamrudisha."

Inspekta alifika mstari wa mwisho, akalaza rula.

"Umeridhika, mama?" aliuliza mtaalamu.

"Nimemaliza kusoma. Faili hili lilibadilishwa mara ya mwisho lini?"

"Imeandikwa hapo juu. Tarehe kumi na tisa, saa kumi na dakika kumi jioni."

"Seremala alishushwa tarehe tatu."

Mtaalamu alitabasamu kama mwalimu aliyepata swali alilolitegemea. Alieleza kwamba faili hukumbuka tarehe moja tu, ile ya mwisho. Karani angeweza kulibadilisha tarehe mbili, akalichezea tena tarehe tano, akarudi tarehe kumi na tisa, na zile za nyuma zote zingefutika. Ilikuwa hoja ya haki na Inspekta aliiandika kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akamwomba mtu wa pili aingie.

Huyu alikuwa mwangalizi wa seva, mwajiriwa wa hospitali, ambaye jengo zima lilimwita Waya kwa sababu hakuwahi kuonekana bila kipande cha waya shingoni au mfukoni. Alikuwa ameitunza tovuti ya hospitali miaka kumi na mmoja, kabla kampuni haijaja na mfumo wake mpya. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Kabla hajaulizwa la pili alikuwa ameshakiri la kwanza: nywila ya folda ya kurasa alimpa karani yeye mwenyewe, tena kwa kumwandikia kiganjani.

Alipoulizwa sababu, alisema mapokezi yalikuwa yamehamia jengo jipya na namba ya simu ilibidi ibadilishwe kwenye ukurasa. Yeye alikuwa na shughuli nyingi. Karani alikuwa mwerevu. Kubadilisha namba ni kufungua faili, kufuta, kuandika, kuhifadhi. Mtoto wa darasa la nne angeweza.

"Na nywila hiyo ungeweza kuitumia wewe, ukaingia kwa jina lake," alisema Inspekta.

Mtaalamu aliacha kutazama saa.

Kwa muda wa saa moja nzima Inspekta alimshuku Waya, na hakuficha. Alimuuliza alikuwa wapi tarehe kumi na tisa jioni, nani alimwona, alitumia kompyuta ipi. Waya alikuwa kwenye paa la wodi ya watoto akifunga antena, na mafundi wawili wa umeme walikuwa wamemshikia ngazi. Inspekta alipiga simu, mafundi wakathibitisha kila mmoja peke yake, mmoja akiongeza kwamba Waya anaogopa kimo na alikuwa akiimba tenzi za kanisani muda wote. Inspekta alilikata jina lake daftarini. Hakumpa pole, hakumwomba radhi. Alitoka nje kwenda kuongea na karani.

Karani alikuwa kwenye ujia tangu saa nne asubuhi, kwa kuwa chumba cha seva alikatazwa kukanyaga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa mapacha, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaeleza watu wagonjwa jambo lilelile mara kumi bila kukasirika. Inspekta alikaa kando yake.

"Mdogo wangu, nieleze habari ya namba ya simu. Yote, hata usiyoona kuwa na maana."

Karani alisema hakuna cha kueleza. Aliingia kama alivyoelekezwa, akafuta namba ya zamani, akaandika mpya, akahifadhi. Akafungua ukurasa: namba ya zamani. Akamwendea Waya. Waya akamwambia ni kache, kivinjari kinakumbuka ukurasa wa jana, afute kumbukumbu. Akafuta. Namba ya zamani. Akaambiwa azime kompyuta aiwashe. Akaizima akaiwasha. Akaambiwa ajaribu kwa simu ya mwenzake. Wiki sita, kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, alifuta kumbukumbu ya kivinjari kama mtu anayefagia uwanja wenye upepo.

"Watu walikuwa wanapiga simu chumba kitupu, dada. Wagonjwa. Mwishowe niliandika namba kwenye karatasi nikaibandika kiooni kwa gundi."

"Lakini uliandika mpya, ukahifadhi."

"Niliandika mpya, nikahifadhi. Wanaponiambia nilibadilisha orodha ya upasuaji, mimi najiuliza, mimi niliyeshindwa kubadilisha namba ya simu?"

Aliisema bila uchungu, kama mzaha wa kujicheka. Inspekta hakucheka. Alitoa simu yake mwenyewe, ambayo haikuwahi kufungua tovuti ya hospitali hata mara moja, akafungua ukurasa wa orodha. Chini kabisa ilikuwepo namba ya zamani. Alirudi chumbani, akachukua karatasi ya pili kati ya zile kumi na tisa, akaweka rula. Mstari wa thelathini na moja: namba mpya.

Alivilaza vitu hivyo viwili, karatasi na simu, kando kwa kando mezani.

"Kaka Waya," alisema kwa sauti ya chini. "Zamani, kabla ya mfumo huu, seva ilikuwa inafanyaje kazi? Nieleze kama unamweleza mama yako."

Waya alisema zamani ilikuwa rahisi. Kurasa zilikuwa maandishi matupu. Mtu akifungua ukurasa, seva huchukua maandishi, huyasoma mstari kwa mstari, hufanya kila mstari unachosema, basi. Kama mkalimani mkutanoni: mgeni anasema sentensi, yeye anaigeuza palepale. Ukibadilisha hotuba, na mkalimani anabadilika sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana yeye alizoea kurekebisha mambo humohumo kwenye seva, huku wagonjwa wakiendelea kutumia.

"Na mfumo huu mpya?"

Waya alimgeukia mtaalamu. Mtaalamu alikuwa akifuta miwani yake.

"Nakuuliza wewe sasa," Inspekta alimwambia mtaalamu. "Huu una mkalimani?"

"Mama yangu, haya mambo ya ndani ni ya kitaalamu kidogo."

"Nina jioni nzima."

Alijibu kwa shingo upande. Hapana, mfumo mpya hauna mkalimani. Maandishi hukompailiwa: hutafsiriwa yote kwa mkupuo, mapema, kwenye kompyuta nyingine, yakageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kinachopelekwa kwenye seva ni tafsiri hiyo. Ndiyo sababu mfumo una kasi, na ndiyo sababu hospitali iliununua.

"Kama kitabu kilichokwisha kufasiriwa na kuchapwa."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na haya maandishi yaliyomo kwenye folda? Haya ya kurasa kumi na tisa uliyonipa na wino mwekundu?"

"Yaliachwa kwa ajili ya rejea."

Waya aliuondoa waya shingoni taratibu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba wiki sita amekuwa akimwagilia maua ya plastiki.

Inspekta hakutaka kuamini kwa kuambiwa, hata lile lililompendeza. Jana yake alikuwa amenakili diski ya seva nzima, na nakala hiyo ilikuwa ikifanya kazi kwenye kompyuta ya pili iliyokuwa mezani. Aliwaita wote wawili wasogee. Mbele ya macho yao aliichukua folda yote ya maandishi, faili kwa faili, akaihamishia kwenye diski ya pembeni, akaichomoa diski, akaiweka mfukoni mwa koti lake. Akaizima seva ya nakala, akaiwasha upya. Kisha akamwambia mtaalamu, kwa mkono wake mwenyewe, afungue ukurasa wa orodha ya upasuaji.

Ukurasa ulifunguka. Wenye alama ya pendekezo walikuwa juu, wasio nayo walikuwa chini, na mguuni mwa ukurasa ilikuwepo namba ya simu ya chumba kitupu.

"Maandishi yako mfukoni mwangu," alisema Inspekta, "na ukurasa bado unawashusha watu."

Mtaalamu alisema huenda kuna kache.

Waya ndiye aliyepandisha hasira. Alisema kwamba neno hilo alilitumia yeye kwa ujinga wake wiki sita, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mfumo umebadilika ndani kwa ndani, alipewa mafunzo ya nusu siku na kalamu yenye nembo ya kampuni. Lakini huyu bwana aliujenga. Huyu bwana alijua. Inspekta alimwacha amalize, kisha akamwomba akae.

"Ulijua," alimwambia mtaalamu.

"Polisi waliomba maandishi ya ukurasa. Nikawapa maandishi ya ukurasa. Hakuna aliyeniuliza kama ndiyo yanayofanya kazi."

Inspekta alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliijua na watuhumiwa hawakuijua: alipokasirika, sauti yake ilishuka. Sasa ilishuka mpaka mtaalamu akalazimika kuinama ili amsikie.

"Nilikuja hapa kuuliza mtu alikufaje. Ukanipa karatasi kumi na tisa ambazo hazijamgusa mtu yeyote, ukazitia wino mwekundu, ukaweka jina la mwanamke juu yake. Ukanitazama nikizisoma kwa rula tangu saa mbili asubuhi. Ukaniuliza kama nimeridhika. Nataka tafsiri. Faili linalofanya kazi kweli. Nionyeshe lilipo."

Alionyeshwa. Lilikuwa folda mbili ndani, jina lake herufi tatu. Tarehe yake: tarehe mbili, saa saba na dakika tano mchana. Inspekta alifungua kumbukumbu za seva. Tarehe mbili, saa saba na dakika sita, huduma ilisimamishwa na kuwashwa tena, jambo ambalo tafsiri mpya huhitaji na maandishi ya mkalimani hayahitaji kamwe. Kesho yake asubuhi seremala aliamka akiwa wa arobaini na nane.

Kwa hiyo kulikuwa na makosa mawili, siyo moja. La kwanza lilifanyika tarehe mbili, kwa tafsiri, na lilimwua mtu. La pili lilifanyika tarehe kumi na tisa, siku moja baada ya kifo, kwa maandishi, na halikubadilisha chochote kwenye orodha. Kazi yake ilikuwa moja tu: lionekane. Mtu aliingia kwa jina la karani akapanda mistari sita mahali ambapo seva haisomi na polisi wangesoma. Alijua vizuri nani anasoma nini.

Faili lililotafsiriwa halisomeki kwa jicho. Inspekta alilifungua hivyohivyo, kwa programu inayoonyesha kila herufi iliyomo, akaanza kuteremka. Ilikuwa takataka juu ya takataka, alama zisizo na lugha. Mtaalamu alimwambia anapoteza muda. Aliendelea. Alikuwa amesoma mahali fulani, katika mojawapo ya vitabu vyake vya mitumba, kwamba programu inayotafsiri huacha nyuma anwani ya folda ilimofanyia kazi, kama fundi cherehani anavyosahau pini kwenye pindo. Robo saa baadaye aliikuta, mstari mmoja safi katikati ya fujo. Aliunakili kwa mkono daftarini kabla ya kuusoma kwa sauti. Jina la folda lilikuwa "ombi_la_mganga_mkuu".

Mganga mkuu ndiye aliyesaini barua ya kumsimamisha karani. Mganga mkuu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kesho.

"Jina la folda si ushahidi wa mtu," Inspekta alisema, na alikuwa akijiambia mwenyewe zaidi kuliko wao. "Ningeweza kuipa folda jina la bibi yangu. Kompyuta iliyotafsiri iko wapi?"

Ilikuwa ghorofa ya pili, katika chumba ambacho hospitali iliipa kampuni, mkabala na ofisi ya mganga mkuu. Funguo zilikuwa mbili, ya mtaalamu na ya mganga mkuu. Walipanda wote watatu. Mtaalamu alifungua mlango. Ndani kulikuwa na meza moja, kiti kimoja, na kompyuta yenye vumbi pande zote isipokuwa kwenye vibonye. Inspekta aliipiga picha, akaandika namba yake, akaizima, akatoa diski, akaiunganisha na kifaa kinachoruhusu kusoma na kukataza kuandika, akaanza kunakili. Asilimia sifuri. Asilimia moja. Kwa mwendo ule ingemaliza alfajiri.

"Mimi hutafsiri ninachopewa," mtaalamu alisema ghafla nyuma yake. "Naletewa ombi, natafsiri, naweka. Hiyo ndiyo kazi."

"Hili uliletewa na nani?"

"Nitajibu kesho. Mbele ya wakili."

"Na mistari ya tarehe kumi na tisa? Hiyo nayo uliletewa?"

Alitazama shati lake, kama mtu anayetafuta kunyanzi. "Kesho," alisema.

Inspekta alimpa fomu ya makabidhiano akasaini, akampa na hati ya kumwita asubuhi akasaini hiyo pia, na akaomba ufunguo. Kisha akavuka ujia na kugonga mlango wa mganga mkuu. Katibu wake alisema daktari yuko kwenye mkutano na angemwona afande baada ya kamati, si kabla. Inspekta alisema angemwona kabla, si baada, tena saa moja na nusu asubuhi, na alete ufunguo wake. Katibu aliliandika hilo kwa herufi ndogo sana. Mlango wa chumba cha kampuni ulifungwa, ukabandikwa utepe wa polisi, na askari mmoja akawekewa kiti.

Karani alikuwa bado kwenye ujia wa chini. Inspekta alimweleza jambo moja tu aliloweza kuliapia: maandishi aliyoyagusa, na yale aliyosingiziwa kuyagusa, seva haikuyasoma hata siku moja. Asingeweza kumshusha mtu kwa maandishi hayo hata angetaka. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama dada wa seremala ameambiwa.

"Bado. Nataka nimwambie jina, si maelezo ya mashine."

"Kila tukionana sokoni anavuka barabara," alisema karani. "Nilikuwa namwekea kaka yake kiti karibu na feni."

Inspekta alimwambia afike kesho saa mbili na nusu, kabla ya kamati. Karani alisema getini hawatamruhusu. Kitambulisho chake kilikatwa kwa mkasi kwenye dirisha la mapokezi, mbele ya foleni, vipande vikaachwa juu ya kaunta ili watu waone.

"Nani alishika mkasi?"

"Mganga mkuu mwenyewe, dada. Miaka saba nilikaa pale dirishani, na ndiyo siku ya kwanza kumwona ameshuka mapokezi."

Inspekta aliandika hilo, neno kwa neno, akaweka na tarehe. Akamwambia angemsubiri getini, wangeingia pamoja. Alimtazama akishuka ngazi akiwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili, kisha akarudi juu.

Kupitia kioo cha mlango aliona nakala imefika asilimia kumi na mbili. Alikaa kwenye kiti cha askari, askari akasimama, akaanza kuandika taarifa yake kwa mkono. Aya ya kwanza ilieleza orodha, ya pili ikaeleza tafsiri, ya tatu ikasema karani hakuweza. Aya ya nne aliianza kwa maneno "Aliyeamuru tafsiri ya tarehe mbili ni", akatua. Alifahamu anachokiamini. Hakikuwa bado kitu anachokijua. Aliacha nafasi tupu yenye upana wa kutosha majina matatu ya mtu, akaweka nukta mwisho wake, akafunika kalamu.